Kitenzi decir kinapokukatalia: dalili, chanzo na dawa

Jedwali kamili la decir, kitenzi cha Kihispania cha "kusema", lina maumbo zaidi ya 50. Wengi huanza kulikariri kutoka juu kwenda chini, wakifika katikati wanachoka, na siku ya kuongea ulimi unatoa ×decieron. Anayekosea hivyo kwa kawaida hajui neno limeharibikia wapi, kwa hiyo anarudi kukariri jedwali zima kwa ajili ya kosa la herufi moja au mbili.

Hapa tunakwenda kwa dalili. Tafuta kosa unalolifanya wewe, soma chanzo chake, rekebisha hapo tu. Alama × mbele ya neno inamaanisha umbo hilo ni kosa, usilichukue.

Kwanza kata neno

Msemaji wa Kiswahili ameshazoea kukata kitenzi vipande: ni-li-sem-a. Nafsi na njeo zimekaa mbele, shina -sem- limetulia pale pale. Kihispania kinageuza mpangilio huo: nafsi na njeo hukaa nyuma, na kwa vitenzi kama decir shina lenyewe nalo linacheza. Hapo ndipo mazoea yetu yanapotuponza, kwa sababu tunatarajia shina lisiguswe.

Decir ina mashina sita na kipande kimoja kinachojitegemea:

dec- : decir, decimos, decís, decid, na imperfecto yote, ile ya "alikuwa akisema" (decía, decías, decía, decíamos, decíais, decían)
dic- : dices, dice, dicen, diciendo
dig- : digo, na presente de subjuntivo yote, ile ya "niseme" (diga, digas, diga, digamos, digáis, digan)
dij- : indefinido yote, ile ya "alisema" (dije, dijiste, dijo, dijimos, dijisteis, dijeron) na imperfecto de subjuntivo, ile ya "kama angesema" (dijera, dijeras…)
dir- : futuro, ile ya "nitasema" (diré, dirás, dirá, diremos, diréis, dirán) na condicional, ile ya "ningesema" (diría, dirías…)
dich- : dicho
Peke yake: di, amri kwa tú (wewe)

Ukikosea, kata neno lako mara mbili, shina upande huu na mwisho upande ule, kisha uliza swali moja: shina hili linakaa na mwisho huu? ×Decieron ni dec- + -ieron. Dec- haina kazi kwenye indefinido, basi kosa la kwanza limeonekana. Tengeneza shina: ×dijieron. Bado kuna kosa la pili kwenye mwisho, nalo tutalifikia.

Kabla ya yote: je, ni decir kweli?

Kuna makosa ambayo hayahusu maumbo kabisa. Neno letu "kusema" linabeba kazi za vitenzi viwili vya Kihispania. "Anasema Kihispania" ni habla español, wala si ×dice español. "Nataka kusema na mwalimu" ni quiero hablar con el profesor. Decir inataka kile kilichosemwa: maneno, habari, ukweli, jina. Ukiweza kuuliza "alisema nini?" na ukapata jibu, tumia decir. Ukiuliza "alisema lugha gani?" au "alisema na nani?", tumia hablar.

"Kuambia" nayo ni decir, ila inakuja na kiwakilishi cha anayeambiwa. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Sisi hatusemi "nitaambia bosi". Tunasema "nitaMwambia bosi", yaani tunamtaja bosi mara mbili, kwa kiambishi na kwa jina. Kihispania kinafanya vivyo hivyo: LE diré a mi jefe. Wanafunzi wengi huiacha le wakidhani ni mapambo. Iweke kila unapoweka -m- au -wa-: mwambie mama, dile a mamá, nimewaambia watoto, les he dicho a los niños.

Dalili: unasema ×deco, ×dico au ×dicemos

Njeo ya presente (wakati uliopo), makosa mawili tofauti.

×Deco inatokana na kuchukua shina la infinitivo (decir yenyewe) moja kwa moja. Dawa ni kuiweka digo kwenye ukoo wake wa -go: tengo, vengo, hago, pongo, salgo, traigo, oigo, digo. Itamke orodha hiyo kwa mkupuo mmoja mara kadhaa, na deco itaanza kukwaruza sikio.

×Dicemos ni ya kawaida zaidi, na imetoka kwenye dice: mtu amejifunza dices, dice, dicen, akaona i imeshinda, akaipeleka kila mahali. Kanuni ni hii: shina linabaki na e pale mwisho unapobeba i yenye mkazo. Sikiliza mkazo unaangukia wapi: de-CI-mos, de-CÍS, de-CIR, de-CÍ-a, de-CID. Mkazo ukirudi kwenye shina lenyewe, e inakuwa i: DI-ces, DI-ce, DI-cen. Diciendo inaingia kundi la dic- kwa sababu mwisho wake unaanza na ie, na mkazo uko kwenye e ya -cien-, hauko kwenye i. Kanuni hii hii inaendesha pedir, servir na repetir (pido, pedimos, pidiendo), kwa hiyo ukiishika umepata vitenzi vingi kwa bei ya kimoja.

Ukiwa Argentina au Uruguay utasikia vos decís kwa mtu mmoja, ambako kwingine ni tú dices. Umbo ni lile lile la vosotros (ninyi) huko Hispania. Amri yake ni decí, na "niambie" ni decime.

Dalili: ×decí, ×deció, ×dijé, ×dijó, ×dijieron

Hapa ndipo penye ajali nyingi, twende polepole.

Indefinido ya kawaida inamalizia kwa mkazo: hablé, habló, viví, vivió. Mwanafunzi anazoea kuona alama ya mkazo mwishoni, na akikutana na decir anaandika ×dijé, ×dijó. Lakini decir ni ya kundi lenye indefinido yake pekee, ambapo nafsi ya kwanza na ya tatu za umoja hukaza shina: DI-je, DI-jo. Hakuna alama. Kwa mdomo wa Mswahili hii ni nafuu, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuombwa. Tamka dije kama unavyotamka neno lolote la Kiswahili la silabi mbili, na mkazo utajipanga wenyewe.

Miisho ya kundi hilo ni -e, -iste, -o, -imos, -isteis, kisha kwa wingi wa nafsi ya tatu ama -ieron au -eron. Nafasi hii ya mwisho ndiyo mtego. Hicieron, tuvieron, pusieron, vinieron, quisieron, pudieron, supieron: zote zina i. Dijeron haina. Sababu ni j. Shina likiishia na j, ile i inamezwa: dijeron, trajeron, condujeron, tradujeron, produjeron. Kihistoria herufi hiyo iliandikwa x na ikatamkwa karibu na sh yetu. Vitabu vya kale vina dixe, dixo, dixeron, na tahajia ya j ilikuja kukazwa na Real Academia, chombo kinachosimamia Kihispania, mwaka 1815. Jaribu kutamka "shieron" haraka haraka na utasikia i ikizama ndani ya sh. Sauti ikabadilika baadaye, lakini i haikurudi.

×Dijieron utaisikia pia kwa wazawa wa Kihispania, hasa vijijini, kama utakavyosikia ×dijistes kwa tú. Kuisikia hakuhalalishi kuiandika. Kwenye mtihani ni alama imepotea.

Kosa la tahajia linaloambatana na haya ni ×dige, ×digeron. G mbele ya e na i husomeka sawasawa na j, kwa hiyo sikio haliwezi kukuokoa. Kumbuka tu kwamba g ya decir huonekana mbele ya o na a peke yake: digo, diga, digamos. Ukiandika g ikifuatiwa na e, umekosea tayari.

Kuhusu matamshi yenyewe: j hiyo haifanani na j ya jambo. Ni kh ya Khamis, kama wanavyoitamka watu wa Zanzibar wasiokuwa na haraka. C ya dice ni s katika Amerika ya Kilatini yote, na sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini. G ya digo, ikiwa katikati ya irabu, hulegea mpaka inakaribia gh ya ghali, na d ya pili ya bendecido hulegea ikakaribia dh ya dhahabu. Aliyekulia pwani anazo sauti hizi zote kinywani. Wengi hawajui kwamba zinafaa hapa.

Dalili: umbo ni sahihi, lakini wanakuangalia kwa mshangao

Umesema dijo bila kosa, ila palitakiwa decía. Au ha dicho.

Anza na Kiswahili chako. "Alisema" na "akasema" zote ni dijo. Kiambishi -ka- cha kusimulia hakina umbo lake katika Kihispania. Mfululizo wa "akaja, akakaa, akasema" unakuwa vino, se sentó y dijo, indefinido tupu. "Alikuwa akisema" na "alizoea kusema" ni decía: Bibi alikuwa akisema kwamba mvua haina rafiki, mi abuela decía que la lluvia no tiene amigos. Ukikatizwa mazungumzo kisha unarudi, ni como decía, "kama nilivyokuwa nikisema".

-Me- ndiyo inayodanganya. "Amesema" huenda ikawa ha dicho, na Hispania watakubali hivyo kwa jambo la leo: esta mañana ha dicho que no viene. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini wangesema esta mañana dijo. Kama hujui msikilizaji wako anatoka wapi, dijo itaeleweka pande zote. Angalia pia kwamba -me- yetu mara nyingi inaeleza hali ya sasa: "amelala" ni está dormido. Ukisema ha dormido, umesema alipata usingizi, pengine sasa yuko macho.

Dalili: ×deciré, ×decirá, ×deciría

Chanzo kinaeleweka: futuro ya kawaida ni infinitivo nzima pamoja na mwisho. Hablar inatoa hablaré, vivir inatoa viviré, basi kwa nini decir isitoe deciré? Kwa sababu imefupishwa, kama hacer ilivyofupishwa ikatoa haré. Shina ni dir-, na linatumika bila ubaguzi kwenye futuro na condicional.

Miisho ya futuro ni kitenzi kisaidizi haber (kile cha ha dicho) kilichogandishwa nyuma: he, has, ha, hemos, -éis, han. Ndiyo maana alama ya mkazo iko kila mahali isipokuwa diremos. Ukikwama katikati ya sentensi, sema voy a decir, ambayo wazawa wenyewe wanaitumia kutwa nzima katika mazungumzo. Lakini usiifanye maficho ya kudumu, kwa sababu condicional haina njia ya mkato ya namna hiyo, na itakuja kukudai dir-.

Dalili: ×si diría

Kosa hili linastahili ukurasa wake kwa msemaji wa Kiswahili, kwani linazaliwa na sarufi yetu wenyewe.

Sisi tunasema: "Angesema ukweli, tungemsamehe." -Nge- upande huu, -nge- upande ule. Mtu akiambiwa kwamba -nge- ni condicional, anaandika ×si diría la verdad, lo perdonaríamos. Pande zote mbili zimefanana, kama kwa Kiswahili, na upande wa kwanza umevunjika.

Kihispania kinagawa kazi. Upande wa si unachukua imperfecto de subjuntivo, upande wa matokeo unachukua condicional:

Si dijera la verdad, lo perdonaríamos.

Kwa hiyo -nge- ya kwanza ni -ra, -nge- ya pili ni -ría. Ukiwa unatafsiri kichwani, tafuta kwanza neno si. Kitenzi kilichoshikana na si hakipokei -ría wala futuro katika sentensi ya sharti. Kuna sehemu za kaskazini mwa Hispania, Nchi ya Basque, Navarra, Rioja na Burgos, ambako utasikia si diría kwa wenyeji. Ni mazoea ya pale, nje ya hapo inahesabika kosa.

Jambo likiwa limeshapita na haliwezi kurekebishwa, ile "angalisema ukweli, tungalimsamehe", tumia hubiera dicho upande wa si na habríamos upande wa pili: si hubiera dicho la verdad, lo habríamos perdonado. Wengi wetu siku hizi tunatumia -nge- mahali pa -ngali- bila kujali. Kihispania kitakulazimisha uchague, kwa hiyo jiulize kama nafasi bado ipo au imeshapita.

Dijera yenyewe inatengenezwa hivi: chukua dijeron, ondoa -ron, weka -ra. Dije-ra, dije-ras, dije-ra, dijé-ramos, dije-rais, dije-ran. Alama ya mkazo iko kwenye dijéramos tu. Hii ina maana kwamba anayesema ×dijieron atasema pia ×dijiera; ukirekebisha moja, ya pili imepona bila dawa. Dijese ni pacha wake mwenye maana ile ile kwenye sentensi hizi, utamkuta zaidi kwenye maandishi. Mtambue ukimwona, lakini wewe tumia dijera.

Mtego mwingine uko kwenye -ki-. "Akisema ndiyo, tutaanza" yaweza kuwa sharti au wakati. Kama huna hakika atasema, ni si dice que sí, empezamos: presente ya kawaida. Kama unajua atasema na unasubiri tu, yaani "atakaposema", ni cuando diga que sí, empezamos: subjuntivo. -Ki- moja, maumbo mawili. Kabla ya kufungua mdomo badilisha -ki- iwe "kama" au "-po-" kichwani, ndipo uchague.

Dalili: ×quiere que dice

Subjuntivo inaogopwa bure. Sisi tunayo: ni ile -e ya mwisho. "Anataka niseme" haiwezi kuwa "anataka ninasema", na sikio lako linajua hivyo tangu utotoni. Quiere que diga ni kitu kile kile. Kitenzi chetu kinageuza a kuwa e; diga inageuza e ya dice kuwa a, na kuchukua shina la digo. Diga ni digo iliyobadilishwa herufi ya mwisho, basi aliyeshika digo ana maumbo yote sita.

Decir yenyewe inatumia tofauti hii kwa namna ambayo inafanana na yetu kabisa. "Anasema anakuja" ni dice que viene: habari. "Anasema aje" ni dice que venga: agizo. Mwanafunzi wa lugha nyingine hulazimika kueleweshwa kwa muda mrefu kwamba decir inaweza kuagiza. Wewe unayo tayari.

Pale tunapoachana na Kihispania ni pawili. Kwanza, -e yetu haijali wakati: "anasema uje", "alisema uje", zote "uje". Kihispania kinarudisha nyuma: dice que vengas, dijo que vinieras. Katika nchi za Andes utasikia dijo que vengas bila tabu, lakini kwenye maandishi rasmi fuata vinieras. Pili, kuna mahali ambapo Kiswahili hakitumii -e na Kihispania kinadai subjuntivo: "sidhani kama anasema ukweli", no creo que diga la verdad, "nafurahi kwamba unasema hivyo", me alegro de que digas eso. Hizo hazina njia ya kuzikisia kutoka Kiswahili; zikariri pamoja na kitenzi kinachozitangulia.

Dalili: ×dice la verdad kama amri, ×no di, ×me di

Amri kwa tú ni di, silabi moja. Di la verdad. Kiswahili nacho kina amri zisizofuata kanuni, njoo na nenda, na hakuna anayeshangaa. Ichukulie di hivyo hivyo. Haina alama ya mkazo. Ni kweli kwamba inafanana na di ya kitenzi dar, "nilitoa", lakini muktadha hutenganisha.

Ukikataza, kila kitu kinahama: no digas. ×No di haipo. Linganisha "sema" na "usiseme": sisi pia tukikataza tunakimbilia -e.

Viwakilishi navyo vinahama. Amri ya kukubali hubeba kiwakilishi mgongoni, katazo hukitanguliza:

niambie – dime. Usiniambie – no me digas
mwambie – dile. Usimwambie – no le digas
tuambie – dinos; usituambie – no nos digas
waambie – diles. Usiwaambie – no les digas

No me digas, kwa njia, hutumika pia kwa mshangao, kama sisi tunavyosema "acha wee!" Usinyamaze ukidhani umekatazwa kuongea.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye "mwambie hilo". Kitenzi cha Kiswahili hupokea kiambishi kimoja cha mtendwa, kwa hiyo tunaridhika na "mwambie" na jambo lenyewe linabaki hewani. Kihispania kinataka vyote viwili, anayeambiwa na kinachosemwa: dímelo, díselo, dínoslo. Na le ikikutana na lo hugeuka se: ×dílelo haipo, ni díselo. Ukishagandisha viwakilishi viwili mkazo unabaki kwenye dí na alama inahitajika. Kikiwa kimoja, dime, dile, haihitajiki.

Kwa usted (wewe, kwa heshima) ni diga, dígame, dígale. Kwa ustedes (ninyi) ni digan, díganme, díganle. Tofautisha dígales, "waambie" unapomwambia mtu mmoja kwa heshima, na díganle, "mwambieni". Alama ya wingi wa wanaoamriwa ni n ya digan, na inabaki kwenye kitenzi. ×Dígalen ni kosa. Hispania, simu ikilia, mtu hujibu ¿diga? au ¿dígame?, mahali pa "haloo".

Dalili: ×he decido

Decido ipo, ila ni kitenzi kingine: "naamua", kutoka decidir. Ukisema no he decido nada umejenga kitu kisichokuwepo, na msikilizaji atahangaika kati ya no he dicho nada, "sijasema kitu", na no he decidido nada, "sijaamua kitu". Dicho hukaa kwenye kundi la hecho, escrito, visto, puesto, roto, abierto, vuelto.

Pamoja na haber haibadiliki: ella ha dicho, ellos han dicho. Ikiwa sifa ya nomino, inafuata jinsia na wingi: dicha carta, "barua hiyo iliyotajwa", ambayo utaikuta kwenye nyaraka za ofisi.

Watoto wa decir wasiomfuata mama

Predecir (kutabiri), contradecir (kupinga) na desdecir (kukanusha) hufuata decir kwenye presente, indefinido na subjuntivo: predigo, predije, prediga. Bendecir (kubariki) na maldecir (kulaani) nazo: bendigo, bendije, bendiga. Zinapotengana ni hapa. Futuro na condicional za bendecir na maldecir ni za kawaida, bendeciré, bendeciría, maldeciré, maldeciría. Predecir na contradecir hupokea zote mbili, predeciré au prediré, na ya kwanza ndiyo inayozoeleka. Amri kwa tú haiwi -dí bali -dice: bendice, contradice. Bendecir ina ha bendecido kwa haber, na bendito kama sifa, agua bendita. Lakini ni predicho, contradicho. Unayeogopa kuchanganya, ukumbuke bendeciré (pamoja na bendeciría), bendice, bendecido, tatu tu, nyingine zote nenda na mama.

Jaribu karabati hii

Ujumbe huu una makosa sita. Usome, kata kila umbo la decir, halafu linganisha:

×Ayer mis primos me dijieron que no vienen. Yo deciré a mi jefe que mañana no puedo. Si él diría que no, no sabría qué hacer. Cuando me dice algo, te llamo. Todavía no he decido nada en casa. No dile nada a Juan.

Dijieron: shina ni sahihi, j inameza i, dijeron. Deciré: shina la futuro ni dir-, na "nitamwambia" ina -m-, kwa hiyo le diré a mi jefe. Diría imeshikana na si: si dijera que no. Me dice: hapa ni "atakaponiambia", cuando me diga algo. He decido: no he dicho nada. No dile: katazo linatanguliza kiwakilishi na kuchukua subjuntivo, no le digas nada a Juan.